Mishi Ameganda Jikoni

Kitendawili, wajukuu zangu: macho wazi haoni, mwiko mkononi hapakui, na si maiti. Nani huyo? Ni binti yangu Mishi, siku aliyoganda jikoni.

Siku hizi kila mtu ana kidude kichwani cha kumsaidia kukumbuka, na kidude kikikwama, mtu naye hukwama nacho. Tukamwita Fundi Riziki, akachomeka waya kichwani mwa Mishi, karatasi ikatoka.

"Hizi ni nyayo zake, bibi. Hatua ya mwisho iko juu. Tukishuka tutaona alianzia wapi."

Akasoma kwa kidole. "Anasubiri jibu. Anasubiri kwa kuwa amemwita Mwinyi. Amemwita Mwinyi kwa kuwa anapakua wali."

Mwinyi ni mwanawe wa miaka saba, tulimzika mwezi wa Rajabu.

"Basi atasubiri mpaka kiama! Huna dawa, mwanangu?"

"Naweza kumzima na kumwasha. Ila ataamka hamjui Mwinyi, hata jina."

"Unizikie mjukuu mara ya pili? Hebu nipishe!"

Nikamsogelea Mishi, nikalibana koo langu hili kongwe mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto.

"Naam, mama."

Mwiko ukatikisika. Mishi akapakua wali, akatabasamu, akanivutia kile kiti kidogo cha Mwinyi.

"Kula, Mwinyi. Na kesho nikikuita, usichelewe hivi."

Nikanawa, nikala. Tangu hapo siendi popote saa ya chakula, na kikohozi kidogo tu kikinishika, naogopa.