Harufu ya Kidudwe

Kidudwe, nzi wa matunda, alimwonea mkewe Sikudhani wivu hata na kivuli. Kila asubuhi kabla ya kutoka alimpaka Sikudhani harufu kali itokayo tumboni mwake. Nzi dume akiinusa harufu ya dume mwenzake kwa jike, maji machungu humwagika ubongoni mwake: hamu humwisha, hasira humpanda.

Siku moja alirudi mapema kwenye papai lao, akamsogelea mkewe kwa mahaba. Ghafla hamu ikamwisha, hasira zikampanda.

"Nani alikuwa hapa?" akafoka. "Unanuka dume!"

"Mume wangu, si wewe uliyenipaka asubuhi?"

"Usinifanye mjinga! Nikimkamata namng'oa mbawa!"

Sikudhani alikuwa amechoka. "Haya, nusa tumbo lako mwenyewe."

Kidudwe akainama, akanusa. Hasira zikampanda upya.

"Mshenzi mkubwa!" akapiga kelele. "Kumbe hata mimi amenipaka!"

Sikudhani akaruka zake, akahamia nanasi la jirani. Mpaka leo Kidudwe analizunguka papai akimsaka dume huyo, na kila anapotua, anakuta keshafika.