Salamu za Mheshimiwa

Katibu wa jimbo aliegemeza kadi kwenye usukani, akaandika jina la marehemu kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Herufi ya kwanza ikapinda. Alikuwa amejaza kadi kama hizo kwa miaka saba na hakuwahi kuharibu hata moja.

Maneno mengine yote yalikuwa yamechapwa tayari: Mheshimiwa Mbunge amepokea kwa masikitiko taarifa za msiba huu, alimfahamu marehemu kama mwananchi mwema wa jimbo lake, na angependa sana kuwapo isipokuwa majukumu ya kitaifa yamembana. Boksi zima la kadi lilikaa kwenye buti, maana jimbo ni kubwa na watu wake hawaachi kufa.

Jimbo lenyewe halikuanza hivi. Mbunge wa kwanza alikuja kwa baiskeli, akalala kwa watu na kuumwa na kunguni wao. Wa pili alikuja kwa Landrova, akihutubia bila kuzima injini. Wa tatu alikuja kwa barua. Huyu wa nne alikuwa anakuja kwa katibu, na kusema kweli kazi hiyo ilikuwa imemnogea katibu. Watoto wa shule walishaanza kumwita Mheshimiwa, naye hakuwasahihisha.

Ila msiba huu ulimshinda. Mazishi yalikuwa yameahirishwa mara mbili, na katibu alikuwa amepiga simu mara tatu tangu juzi. Mara ya tatu alisahau hata kusalimia.

"Mheshimiwa, hili njoo mwenyewe. Nakuomba."

"Nina kamati, Bwana Katibu. Mkiahirisha tena mtawachosha watu. Kadi si unazo?"

"Ninazo."

"Basi soma kama kawaida."

Marehemu alikuwa mshona nguo, bibi mwenye miguu iliyovimba kwa kukanyaga cherehani maisha yake yote. Kila mwanzo wa mwezi alifika ofisini asubuhi na mapema, amevaa gauni lake la kutokea, akakaa kwenye benchi chini ya picha za wabunge wanne. Wengine walileta habari za visima na daraja. Yeye, katibu alipofungua daftari la wageni na kuuliza shida kama utaratibu ulivyomtaka, alisema hana shida, amekuja kumwona tu. Ofisi ikifungwa alijizoazoa akaenda zake. Mara moja tu aliacha ujumbe.

"Mwambie nilimwona kwenye televisheni pale dukani, mwanangu. Mwambie amekonda."

Katibu aliufikisha. Mheshimiwa alibadilisha mazungumzo.

Kilichokuwa kinamtafuna katibu ni siku moja ya mwezi wa nne. Siku hiyo Mheshimiwa alikuwamo, chumba cha ndani, akisaini barua. Alinong'ona kwamba leo hawezi, ana haraka. Katibu akatoka, akamwambia bibi kwa macho makavu kwamba Mheshimiwa yuko vikaoni, mji mkuu, huku gari likiwashwa nyuma ya nyumba. Bibi aliusikia mlio wa injini. Aligeuza uso dirishani, akasema kazi ni nyingi, anaelewa, akamshukuru katibu kwa kumpokea vizuri. Mwezi uliofuata alirudi, na katibu aliona aibu hata kulitazama benchi.

Makaburini walimpokea kwa heshima, na heshima ile ikamzidishia aibu. Walimkalisha upande wa wafiwa, mstari wa mbele, ambako kiti kimoja kilikuwa wazi tangu asubuhi. Hakuna aliyemuuliza Mheshimiwa yuko wapi. Wangemuuliza, angalau angekuwa na la kujibu. Dada wa marehemu, mwanamke mkongwe aliyeshikiliwa mikono yote miwili, alimtazama, akaiona kadi.

"Kumbe umekuja wewe," alisema taratibu.

Katibu alisoma. Alipofika kwenye "alimfahamu marehemu kama mwananchi mwema wa jimbo lake," mtu mmoja aliguna huko nyuma, wengine wakainamisha vichwa, na katibu akatamani ardhi ipasuke immeze. Aliyaruka majukumu ya kitaifa, akatoa pole, akakaa. Jasho lilikuwa limelowesha kadi.

Jeneza likashushwa. Msimamizi wa mazishi akatazama karatasi yake, akasita, kisha akasoma kama ilivyoandikwa: mtoto pekee wa marehemu atangulie kutia udongo.

Watu wote wakamgeukia katibu. Alivua koti, akapokea koleo, akasema, "Kwa niaba ya Mheshimiwa."