Kisanduku Kinachonyoosha Ulimi

Ulikuwa dukani leo asubuhi, ukasikia kila neno, ukajifanya unatazama spika.

Somoe alitaka kisanduku cha kuingiza sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta. Kesho mamake, Bi Mwanaidi, anaondolewa koromeo hospitalini, na sauti yake haitarudi tena.

"Kaka, huna kisichonyoosha lugha?" akamuuliza muuzaji.

"Wataka nifungwe, dada? Vyote vyanyoosha, vyageuza kila lahaja kuwa Kiswahili sanifu, ndiyo sheria. Chukua hiki chekundu, angalau hakikwaruzi sauti."

Akakichukua. Nyumbani, Bi Mwanaidi akaimba kwa Kimvita chake wimbo aliokuwa akimlaza nao Somoe utotoni: "Fumba mato, mwanangu, ndia ni mbali."

Waliporudia kuusikiliza, ikatoka sauti laini kama ya mtangazaji: "Fumba macho, mwanangu, njia ni mbali."

"Nani huyu?"

"Ni wewe, mama."

Bi Mwanaidi akacheka, kisha akakisukuma kisanduku kando. "Mwanamke huyu siye alokulea."

Nawe unacho kisanduku cha zamani, kisichonyoosha, umekificha chini ya kitanda tangu polisi walipofanya msako wa kuvikusanya. Kitoe. Mpelekee Somoe leo hii, maadamu mamake bado anaimba.