Balbu Iliyofifia

Fundi Kheri aliiunga transfoma kuukuu, aliyoiopoa kwenye vyuma chakavu, na balbu ya kupimia. Mjini haikuwapo nyingine ya kuamsha gramafoni ya Bi Mwanaidi, naye alikuwa ameipakata santuri yenye sauti ya marehemu mumewe.

Balbu iliwaka, ikafifia, ikazimika.

Bi Mwanaidi akaanza kuifunga santuri ndani ya kanga, polepole.

“Usizike aliye hai, bibi,” alisema fundi. “Transfoma iliyoungua ndiyo huiwasha balbu kama jua. Iliyo nzima huiacha gizani.”

Bi Mwanaidi aliinamisha sikio. Ndani ya chuma mlikuwa na mvumo mdogo, kama wa mtu anayesafisha koo mlangoni kabla ya kupiga hodi. Akaifungua kanga, akajitanda vizuri.