Kitambaa juu ya Kompyuta

Pascaline, msichana wa kazi aliyekuwa akifagia sebule ya Mama Rubens, ndiye aliyeona kwanza: pindo la kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta ya Rubens halikucheza tena kwa upepo wa feni ya ndani; lilikuwa limenasa kwenye matundu ya hewa.

Asubuhi Rubens aliiongezea mashine kasi, mchezo usikwame mbele ya timu ya Lubumbashi. Sasa ulikwama.

"Kalemie nzima inatuangalia, nawe unatuletea konokono!" wenzake wa timu wakamzomea.

"Mashine imepata moto, lakini nikipunguza kasi, tumeshindwa," Rubens akajibu.

Pascaline akaacha ufagio, akakivuta kitambaa. Kilikuwa cha moto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Joto likapata pa kutokea, mchezo ukakimbia.

"Mama na vitambaa vyake vya kukinga vumbi!" Rubens akacheka.

Pascaline alikikunja mara mbili, akakibana kifuani.

"Si Mama aliyekifuma. Njo miye nilikifuma. Nilikufumia wewe."