Fundo la Soksi

Mume wangu alirudi alfajiri, baada ya siku kumi na tisa za kutembea kwenye majivu. Tulimvua nguo mlangoni, akaanguka usingizini papo hapo. Neno alilonipa lilikuwa moja tu: "Nimezipata."

Mbegu za mahindi. Jua limeanza kurudi mwaka huu, na ghala letu limebaki sakafu tupu. Sikumuuliza kaziweka wapi. Nilikimbilia kulainisha udongo.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameshaipua sufuria. Mvuke ulikuwa umejaa chumba chote cha chini tunamoishi watu tisa.

"Nguo zake nimeshachemsha," alisema. "Hata soksi. Moja ilikuwa na fundo gumu, nikaitosa hivyo hivyo."

Hakukosea. Sheria yetu ni kwamba kinachotoka nje huchemshwa kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo iliyotuweka hai miaka sita. Na mimi ndiye niliyeiandika kwa mkaa juu ya mlango.

Nililifungua fundo kwa meno. Punje zilikuwa zimevimba, laini kama ufizi wa mtoto. Nilibonyeza moja, ikapasuka, ikanukia vizuri mno.

"Kumbe zilikuwa za kula?" mama mkwe aliuliza. Kisha aliniangalia usoni, akaketi chini polepole, mikono yake iliyobabuka kwa maji moto ikiwa mapajani.

Pale mlangoni mume wangu alijigeuza, akafumbua macho, akatabasamu.

"Mama watoto," alisema, "hebu niletee soksi yangu."