Insha ya Shule Yetu

Fazal Din alipomwona Mwalimu Zubair akiingia ukumbini na bahasha ya mitihani kwapani, roho ilimruka. Si yeye aliyepangwa kusimamia. Aliyepangwa ni Mwalimu Hashmat, mtu mnene, mpole, ambaye husinzia hata feni haijashika kasi. Lakini Hashmat alikuwa ameamka na homa, na mkuu wa kituo cha mtihani alimchukua aliyekuwa karibu.

Ndani ya mkono wa kushoto wa kanzu ya Fazal Din kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

"Mzee, tulia basi," Sheraz, mvulana wa dawati la pili, alimnong'oneza. "Unatetemeka mpaka meza yangu inacheza."

Angetuliaje? Mtihani wa matriki, ule wa kumalizia sekondari, alikwisha kuufanya mara mbili, na mara zote mbili Kiingereza kilimwangusha. Safari hii barua ilikuwa imekuja kutoka idara ya elimu, na mhuri wake, na haikumung'unya maneno: ikifika mwezi wa sita hana cheti, hana kazi tena ya utarishi katika shule hii ya wavulana. Fazal Din hakuwa na pengine pa kwenda. Kengele ya shaba waliyoiacha Waingereza, alijua inavyopigwa isikike hadi kwenye mashamba ya miwa. Ubao wa majina ya walimu wakuu tangu mwaka 1911 alikuwa ameuhifadhi kichwani, maana aliufuta vumbi kwa mikono yake mwenyewe.

Karatasi ziligawiwa. Akaandika juu: Fazal Din, mwana wa Imam Din. Fomu za kwetu hazimwamini mtu mpaka zimjue baba yake.

Kisha akasoma swali la kwanza, na jasho likamtoka. Andika insha: Shule Yetu. Ndiyo hasa aliyojiandalia.

Kwa Kipunjabi angeisimulia tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Angeanza na yule mkuu Mwingereza aliyekagua madarasa bila kushuka kwenye farasi, aende kwenye mafuriko yaliyowafanya wanafunzi wasomee darini, afike mwaka nchi ilipogawanyika kuwa India na Pakistan, wakimbizi wakalala humu humu ukumbini. Lakini kwa Kiingereza hata sentensi ya kwanza ilimkwama kooni.

Ndiyo maana ya kikaratasi. Na aibu yenyewe ilikuwa hapo, kwa sababu insha aliyoinakili ilikuwa ya Zubair huyu huyu, ya enzi alipokuwa mwanafunzi wa shule hii, iliyopata alama zote. Daftari lake lilikuwa bado lipo, limeviringishwa kwenye kitambaa kama msahafu.

Alimwogopa Zubair kuliko walimu wote kwa sababu alimjua. Alijua akikunja nyusi hivi kinafuata nini. Mwaka jana Zubair alimtoa nje ya mtihani mtoto wa tajiri mwenye nusu ya mashamba ya wilaya, simu zikapigwa mpaka wapigaji wakachoka, na hakubadili neno. Juzi tu, tonge la mkate likiwa mkononi, alikuwa amerudia yale yale.

"Mwizi wa mtihani ni mwizi," alisema. "Hata awe nani kwangu, namtoa."

Fazal Din alikuwepo. Tena aliitikia kwa kichwa, kwa fahari kubwa.

Nusu saa nzima hakuthubutu. Viatu vya Zubair vilikwenda, vikarudi, na kila vilipopita nyuma yake Fazal Din alishikilia pumzi. Alijiambia akitupe. Kisha akaikumbuka ile barua yenye mhuri.

Mara umeme ukakatika. Feni zikasimama, wavulana wakaguna, na Zubair akaenda kufungua madirisha. Fazal Din akakivuta kikaratasi. Akanakili mstari wa kwanza. Akanakili wa pili. Alipoanza wa tatu, kivuli kikaangukia karatasi yake.

"Mkono," sauti ilisema.

Kwa wengine Zubair husema "wewe, simama". Huyu hakumwita chochote. Fazal Din alifungua kiganja.

Zubair alikikunjua kikaratasi. Akasoma mstari mmoja, akasoma wa pili, akaganda. Sheraz aliinamia meza yake kana kwamba ni yeye aliyekamatwa. Fazal Din aliinua macho, akaona midomo ya mwalimu inatetemeka, na hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ikageuka kuwa nyingine, mbaya kuliko ile ya kwanza.

"Andika tu," Fazal Din alimwambia taratibu. "Usisimame hivyo. Watu wanakutazama."

Zubair akatoa fomu nyekundu ya udanganyifu. Jina la mtahiniwa hakuliuliza, alilijaza mwenyewe: Fazal Din, mwana wa Imam Din. Akaandika kosa. Akaandika saa. Kikaratasi akakibana na fomu kwa pini, kama sheria inavyotaka, na pini ikamchoma kidole asishtuke.

Ikabaki sehemu ya chini, ya jina la msimamizi. Kalamu ilisimama juu ya karatasi kwa muda mrefu.

Kisha, kwa mwandiko ule ule wa kwenye daftari, akaandika: Zubair Ahmad, mwana wa Fazal Din.